Piza ya Masasi inaitwa zege

"Kaka, huku kwenu piza nzuri inapatikana wapi?"

Aliyeuliza ni rafiki yangu wa Dar es Salaam, mnunuzi wa korosho, aliyeshuka kwenye basi stendi ya Masasi saa mbili usiku na begi begani. Ulikuwa mwezi wa kumi, minada imeanza, nyumba za wageni zimejaa. Nikamwonyesha moshi ng'ambo ya barabara. "Pale. Ila hapa tunaiita zege."

Kijana wa kibandani alikuwa na jiko la mkaa na kaango moja jeusi. Akatia mafuta, akatupia chipsi zilizokwisha kukaangwa tangu magharibi, akapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akayakoroga kwa uma mpaka yakatoa povu, akamimina. Yai likazishika chipsi kama saruji inavyoshika kokoto, na jina limetokana na hapo. Ukingo ulipoanza kukauka, akafunika kaango kwa sahani, akalipindua, akairudisha upande mbichi motoni.

"Pilipili niweke, kaka?"

"Weka ya kutosha, mdogo wangu."

Kachumbari ya kabichi pembeni, sosi ya nyanya juu, vijiti viwili. Rafiki yangu akala amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya umeme. Alidhani nimemtania. Sikumtania hata kidogo. Ukiifuata piza tangu ilikoanzia, utakuta kwamba unga na jibini ni mapambo tu. Kiini chake ni mtu mwenye njaa, mwenye shilingi chache, na asiye na jiko.

Huko Napoli, kusini mwa Italia, katika karne ya 18 mji ulikuwa umefurika. Vibarua wa bandarini, wabeba mizigo na wavuvi walilala familia nzima chumba kimoja, na chumba hicho hakikuwa na mahali pa kupikia. Walikula barabarani. Wachuuzi walipita na mikate bapa iliyopakwa mafuta, kitunguu saumu, dagaa au nyanya, wakamkatia mteja kipande kulingana na alichonacho mfukoni. Nyanya yenyewe ilikuwa mgeni kutoka Amerika, na wakubwa wa Ulaya waliiogopa kwa muda mrefu wakidhani ni sumu. Mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas, aliyefika Napoli mwaka 1835, aliandika kwamba fukara wa mji ule waliishi kwa tikiti maji majira ya joto na kwa piza majira ya baridi.

Heshima ilikuja baadaye. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 mpishi Raffaele Esposito alimwandalia Malkia Margherita piza yenye nyanya, jibini na majani ya rehani, rangi tatu za bendera ya Italia. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo, lakini jina la malkia limebaki kwenye menyu dunia nzima. Wahamiaji wakaibeba hadi Marekani, ambako Gennaro Lombardi anatajwa kufungua duka lake New York mwaka 1905. Na mwaka 2017 UNESCO ikauingiza ufundi wa wapika piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Chakula cha wabeba mizigo kikawa mali ya dunia.

Pwani yetu piza iliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni Malindi, Kenya. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia satelaiti Ngomeni, kaskazini ya mji huo, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimama baharini. Nyuma ya wahandisi wakafuata wenye hoteli na wastaafu. Leo Malindi utakuta matanuri ya kuni na vijana wa ufukweni wanaopatana bei kwa Kiitaliano. Hiyo ni piza iliyohama na wenyewe, nao ndio wanaoila zaidi.

Mlango wa pili ni Forodhani, Unguja, na hapo mambo ni tofauti. Mpishi anachukua kidonge cha unga kilicholala kwenye mafuta, anakipigapiga kwa viganja na kukivuta kwa ncha za vidole mpaka kinakuwa chepesi kiasi cha kuona ubao chini yake. Katikati anaweka kipande kingine kidogo ili tumbo lisitoboke. Kisha kima, vitunguu, pilipili hoho, kijiko cha mayonezi, jibini laini, na yai analolivunja juu ya vyote na kulikoroga hapo hapo. Anakunja pembe nne kama bahasha, anaitelezesha kwenye chuma cha moto. Mtalii anaiita piza ya Zanzibar. Mtu wa Mombasa akiiona atasema huu ni mkate mayai, na Myemeni atasema ni mutabaki, neno la Kiarabu lenye maana ya kilichokunjwa. Chakula hicho kilikwisha zunguka Bahari ya Hindi kwa majahazi, kutoka Uarabuni hadi Malaya, kabla Mzungu hajakipa jina la Napoli.

Kwa hiyo Forodhani jina lilikuja na wageni, baada ya Zanzibar kufungua milango ya utalii miaka ya 1980, lakini mkono ni wa wenyeji. Bustani ilipokarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, wapishi walirudi na meza zao na kofia nyeupe. Wateja wao wa asili walikuwa watu wa mji waliotoka kupunga upepo na hawakutaka kurudi nyumbani kuwasha moto.

Sasa turudi kwetu, kusini mwa Tanzania. Kwa nini stendi ya Masasi haikupata piza ya unga, ikapata zege?

Kwanza ni ngano. Huku haioti. Tanzania ililima ngano kwa mashine katika tambarare za Hanang tangu mwaka 1970 kwa msaada wa Kanada, lakini sehemu kubwa ya ngano tunayokula huingia kwa meli. Kwenye uwanda wa Makonde ardhi ni mchanga, na juu kule hakuna mto. Kwa vizazi, wanawake wa Newala waliteremka ukingo wa uwanda kufuata maji na kupanda nayo kichwani, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza miaka ya 1950. Nchi kama hiyo inataka mmea unaovumilia, na mmea huo ni muhogo. Makopa yakatwangwa, unga ukasongwa, ndio ugali wa nyumbani mpaka leo. Cha kutafuna barabarani kilikuwepo pia: ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayochimbwa kwa jasho, hupangwa kwa mafungu na kina mama wa Newala na Mtwara.

Pili ni barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Mto Rufiji Agosti 2003, kwenda Dar es Salaam wakati wa masika kulikuwa ni kumwachia Mungu. Malori yalilala siku kadhaa yakisubiri kivuko au kukauka kwa tope. Kitu kinachooza hakikuvumilia safari hiyo. Daraja lenye urefu wa karibu kilomita moja lilipewa jina la Benjamin Mkapa, Rais wa awamu ya tatu, mzaliwa wa Lupaso hapa hapa wilayani Masasi. Mwaka 2010 likaja Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, na Masasi ikawa njia panda ya kweli: Mtwara upande huu, Tunduru na Songea upande ule, Msumbiji kusini, Newala na Nachingwea kando. Viazi mviringo vya nyanda za juu na trei za mayai zikapata njia.

Tatu ni korosho, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mkorosho nao ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, nyingi zikitoka mikoa hii. Kisha vijiji vya ujamaa vikawatenganisha watu na mashamba yao, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakashuka chini ya tani 20,000. Vijana wakafunga vibegi kwenda Dar es Salaam kuuza mitumba na karanga mkononi. Neno machinga, ambalo sasa linamtaja mchuuzi yeyote nchini, wengi hulihusisha na Wamachinga wa Lindi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakimbiza mjini kama wazururaji. Hawakwisha. Walijifunza mji: namna ya kusimama kona yenye watu, kupika haraka, kuuza kwa bei ya mtu wa kawaida.

Dawa ya salfa ilipoanza kuokoa mikorosho na mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani ulipoingia msimu wa 2007/08, fedha ikaanza kurudi nyumbani kwa mafungu makubwa, miezi michache kila mwaka. Baadhi ya vijana wakarudi nayo. Hata mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh 3,300 kilo moja na jeshi lizisombe, maghala yalijaa wapakiaji, madereva, makarani na askari, wote mbali na majiko yao. Sensa ya mwaka 2012 ilikuwa imekwisha kuihesabu halmashauri ya mji wa Masasi kuwa na zaidi ya watu 100,000. Umati huo ndio uliomlea yule kijana wa kaango.

Ukitazama nyuma zaidi, mji huu ulizaliwa na wasafiri. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuja kutoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakielekea upande wa Ziwa Nyasa. Walifika chini ya milima hii ya mawe wakasita, wakabaki. Masasi ilianza kama kituo cha watu waliokuwa njiani kwenda kwingine.

Kesho yake rafiki yangu alikuwa na safari ya Newala, tukapita Lulindi. Alitazama madirishani akitafuta moshi wa chipsi. Nikamweleza kuhusu Dk. Leader Stirling, aliyefika misheni ya Lulindi mwaka 1935, akapasua wagonjwa kwenye majengo ya miti, udongo na nyasi, na miaka arobaini baadaye akawa Waziri wa Afya. Upasuaji ulikuwa wa Ulaya, lakini kuta zilikuwa za hapa. Saa sita ile ya mchana, moshi ulitoka nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Kila mlango ulikuwa na sufuria lake, na ndani yake ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa korosho.

"Huku piza hamna," akasema.

Nikamwambia huku bado kuna majiko. Mji una dalili zake, na kibao cha halmashauri ni dalili dhaifu. Siku akipita Lulindi saa nne usiku, akamkuta mtu anapindua kaango kwa taa ya simu na watu watatu wanangoja, hapo ateremke aulize wanaiitaje.