Chatu Tumboni: Zimwi la Rungwe Lililovizia Watu Usingizini

Usiku wa Tukuyu si mchezo. Mvua ikiamua kunyesha inanyesha kweli, ukungu unashuka kutoka Mlima Rungwe, na migomba iliyozunguka nyumba inachakacha kama kuna mtu anapita. Sasa vuta picha ni miaka ya 1930, umeme hakuna. Mwanaume mmoja anashtuka usingizini, jasho linamtoka, koo linamuuma kama vile kuna mtu alikuwa anamkaba. Leo angeambiwa ni jinamizi tu, alale. Enzi zile jibu lilikuwa moja: wamekuja.

Wamekuja akina nani? Hapo ndipo stori inapoanza.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa gemu ya mezani inayoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa na dadu zao, mmoja anasimulia, wengine wanakuwa mashujaa, na msimulizi anawatungia mazimwi ya kuwavizia njiani. Mwaka 1977 kikatoka kitabu kizima cha mazimwi tu, Monster Manual. Anayetunga zimwi kwa ajili ya gemu kama hizo anajua meno na kucha havitoshi. Lazima ajue zimwi linataka nini, linavizia wapi, nani anaweza kuliona, na linazuiliwa vipi.

Kumbe wazee wa Kinyakyusa walishakuwa na majibu ya maswali yote manne, bila dadu na bila kitabu. Majina yao hayajulikani. Zimwi lao linajulikana kwa sababu mtafiti Monica Wilson aliishi na mumewe Godfrey huko Unyakyusa kati ya 1935 na 1938, akasikiliza, akaandika.

Linataka nini?

Nyama na maziwa. Basi. Watu waliamini mchawi ana chatu tumboni mwake, na kwamba chatu huyo hurithiwa. Chatu akitamani kitu kitamu, mwenye naye anatoka usiku. Ananyonya ng'ombe wa jirani mpaka wanakauka maziwa, na binadamu anamtafuna kwa ndani. Hakutaka dhahabu wala ufalme. Alitaka kile kile ambacho kila mtu kijijini alikitamani akisikia harufu ya mchuzi wa jirani.

Linavizia wapi?

Ndotoni. Ukiota unakabwa, unakimbizwa, unapigana au unapaa hewani, hiyo ilikuwa dalili tosha kwamba umeshambuliwa. Wachawi walisemekana kuruka usiku juu ya chatu wao au juu ya upepo, mmoja mmoja au kwa kundi. Hebu fikiria uviziaji huo: mlango umefungwa, mkuki uko pembeni ya kitanda, na adui anakupata pale pale ulipojiona uko salama.

Nani analiona?

Walikuwepo walinzi, waliitwa abamanga. Hawa nao walipigana usiku, humo humo ndotoni, kulinda kijiji. Sasa sikia hii: nguvu za walinzi zilitoka kwa chatu wale wale! Mlinzi na mchawi walikuwa na silaha moja. Tofauti ni kwamba mmoja aliitumia kwa ajili ya wote, mwingine kwa ajili ya tumbo lake.

Linazuiliwa vipi?

Kwa sahani. Ukiwa na ng'ombe wengi, chinja, ita majirani, wale. Ukila peke yako watu watanung'unika, na iliaminika manung'uniko hayo yanageuka pumzi ya baridi inayomlaza mkosaji kitandani. Hiyo ilikuwa adhabu halali, si uchawi.

Ili uelewe kwa nini zimwi liko hivi, angalia vijiji vyenyewe. Wavulana wa Kinyakyusa wakifika kama miaka 10 au 11 walitoka kwa baba zao na kwenda kujenga kijiji chao, rika moja pamoja. Walikula kwa zamu kwa mama zao, kundi zima. Raha hiyo ya kukaa pamoja na wenzako, kula na kupiga stori, inaitwa ukwangala. Watu walioishi kwa kugawana chakula, zimwi lao lilikuwa mlafi. Wilson alikuwa ameshafanya utafiti kwa Wapondo wa Afrika Kusini, na huko alikuta mazimwi yanayoendeshwa na tamaa ya mapenzi. Hoja yake ni kwamba kila jamii inaota kile kinachoisumbua.

Kwa hiyo zimwi la Rungwe lilitungwa vizuri sana. Lakini hapo ndipo penye ubaya wake.

Kwenye gemu, zimwi likishauawa watu wanakusanya dadu, wanacheka, wanaenda kulala. Kwa Wanyakyusa zimwi lilikuwa na sura ya mtu wa jirani. Ng'ombe wakikauka maziwa, mtoto akifa, ilibidi atafutwe mwenye chatu. Watuhumiwa walinyweshwa mwavi. Aliyetapika alionekana safi, na asiyetapika alionekana na hatia. Aliyepatikana na hatia alifungasha vyake, akaenda kuomba kuanza upya kijiji kingine. Hata maiti zilipasuliwa kutafuta huyo chatu tumboni.

Ona sasa. Stori iliyofundisha watu wasile peke yao ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa mtu nyumbani kwake akiwa na mkeka kichwani. Na ukitazama vizuri, aliyefukuzwa hakuwa lazima mlafi. Alikuwa tu mtu ambaye majirani walishamwota vibaya.

Leo Tukuyu ina umeme na simu, lakini jinamizi bado linakaba watu usiku. Bibi akikusimulia habari za chatu, msikilize mpaka mwisho, maana kuna akili nyingi mle. Ila asubuhi ukiamka jasho likikutoka, usianze kuhesabu majirani.

Je, kwenu zimwi la utotoni lilikuwa linataka nini? Dondosha komenti hapo chini, ila jina la mtu usitaje.