Anwani ya Intaneti: Kutoka Orodha Moja ya California Hadi .tz na .ke

Siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo, wazazi, walimu na watahiniwa nchi nzima huandika anwani ileile kwenye simu zao: www.necta.go.tz. Wengi huiandika kwa mazoea tu, bila kuelezwa maana ya vipande vyake. Kumbe kila kipande kina mahali kilipozaliwa na shida iliyokizaa, na historia yenyewe imevuka miaka 50. Anayeanza kujifunza kompyuta hukutana na maneno mengi kwa mpigo: seva, kikoa, kivinjari, tovuti. Njia nyepesi ya kuyaelewa ni kuifuata historia ya anwani, kwa kuwa kila neno liliingia pale lilipohitajika.

Mashine nne na orodha moja

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Charley Kline, alijaribu kuingia katika kompyuta ya Stanford Research Institute, zaidi ya kilomita 500 kutoka alipokuwa. Alipaswa kuandika "login". Herufi L ikafika, O ikafika, kisha mfumo ukazima. Alirudia baadaye usiku huo na safari hii akafanikiwa. Kufikia mwisho wa mwaka, kompyuta nne za Marekani zilikuwa zimeunganishwa katika mradi uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, ukiitwa ARPANET.

Mtandao, basi, ni kompyuta zilizounganishwa ili zipashane habari. Kompyuta inayohifadhi vitu na kuwapa wanaoviomba, iwe ni matokeo ya mtihani, picha au barua, huitwa seva. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson alituma barua pepe kutoka mashine moja hadi nyingine kwa kutumia alama ya @, akitenganisha jina la mtu na jina la mashine anakopokelea barua zake. Utaratibu huo ndio tunaoutumia hadi leo.

Mashine zenyewe hazitambuani kwa majina. Hutumia namba. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ilihamia rasmi kwenye kanuni za mawasiliano za TCP/IP, ambazo ziliwezesha mitandao mbalimbali kuungana na kuwa mtandao wa mitandao, yaani intaneti. Chini ya kanuni hizo kila mashine hupewa anwani ya IP, ambayo kwa mtindo wa wakati ule ni mafungu manne ya tarakimu, mfano 192.0.2.45. Binadamu hakariri namba kama hizo, kama ambavyo wengi wetu hatukariri namba za ndugu zetu bali tunatafuta "Mama" au "Shangazi" kwenye simu. Palihitajika orodha ya majina na namba zake.

Orodha hiyo ilikuwapo, na ilikuwa faili moja tu. Ilitunzwa na kituo cha habari za mtandao kilichoongozwa na Elizabeth Feinler katika taasisi ileile ya Stanford, Menlo Park, California. Taasisi iliyotaka kuingiza mashine mpya iliwasiliana na ofisi ya Feinler, jina likaongezwa, kisha kompyuta zote za mtandao zikanakili faili upya. Kwa mashine chache kazi hiyo ilikwenda vizuri. Zilipofika mamia, faili ikawa ndefu, majina yakagongana, na nakala zilizopitwa na wakati zikazagaa kila mahali.

Nukta zinaingia kazini

Mwaka 1983 Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alimkabidhi mwenzake Paul Mockapetris mapendekezo kadhaa ya kutatua shida hiyo na kumtaka atafute muafaka. Mockapetris akaja na mfumo wake mwenyewe, na Novemba mwaka huo maelezo yake yakachapishwa. Ndio mfumo wa majina ya vikoa. Wazo lake lilikuwa kugawa madaraka: badala ya ofisi moja kutunza majina yote ya dunia, kila eneo lipewe mwenye dhamana wa kutunza yaliyo chini yake. Eneo hilo ndilo kikoa, na nukta ndiyo mpaka kati ya kikoa na kikoa.

Ndiyo maana anwani husomwa kuanzia kulia. Katika www.necta.go.tz, "tz" ni kikoa cha Tanzania. Ndani yake "go" ni eneo la taasisi za serikali. Ndani ya "go" imo "necta", Baraza la Mitihani. Mwisho ni "www", jina lililozoeleka la seva inayotoa kurasa za tovuti. Unapoandika anwani hiyo, simu yako huiuliza seva ya kampuni yako ya simu, nayo, kama haijui jibu, huuliza ngazi kwa ngazi: kwanza seva za shina, zinazojua nani anatunza .tz, kisha watunzaji wa .tz, hadi kuipata namba ya mashine ya Baraza. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho, na jibu huwekwa akiba kwa muda ili anayefuata asisubiri.

Vikoa vya kwanza vya juu vilipangwa mwaka 1984: .com kwa biashara, .edu kwa elimu, .gov kwa serikali ya Marekani, .mil kwa jeshi lake, .org kwa mashirika. Machi 1985 kampuni ya Symbolics ilisajili symbolics.com, jina la kwanza kabisa la .com. Kwa mataifa, Postel hakutaka kuingia katika mabishano ya kuamua nchi ni ipi na ipi siyo. Alichukua orodha ya kimataifa ya ufupisho wa herufi mbili iliyokuwapo tayari. Kenya ikawa .ke, Uganda .ug, Oman .om. Hivyo .tv, ambayo wengi hudhani ni televisheni, ni kikoa cha Tuvalu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki.

Orodha hiyo hufuata mabadiliko ya kisiasa. Zaire ilikuwa na .zr. Utawala wa Mobutu ulipoanguka mwaka 1997 na nchi kurudia jina la Kongo, kikaanzishwa kikoa cha .cd, na .zr kikafutwa mwaka 2001.

Kikoa kinafika kwetu

Kikoa cha .ke kiliandikishwa mwaka 1993, .ug na .tz mwaka 1995. Wakati huo mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki yalitegemea laini za simu na setilaiti, yakiwa ghali na ya polepole. Nyaya za baharini zilianza kutufikia mwaka 2009. Hakukuwa na taasisi za kusimamia majina. Postel alikabidhi vikoa vya nchi kwa wataalamu waliojitolea, na mwaka 1994 alichapisha kanuni inayosema kwamba msimamizi wa kikoa cha nchi ni mdhamini wa watu wa nchi hiyo, wala si mmiliki. Baadaye dhamana ikahamia kwa taasisi za nyumbani: KeNIC ikaundwa Kenya, na tzNIC Tanzania. Rwanda ilisubiri hadi mwaka 2012 ndipo kikoa chake kilipokabidhiwa rasmi kwa RICTA ya Kigali.

Wakati huohuo tovuti zilikuwa zimezaliwa. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, alipendekeza mwaka 1989 njia ya kuunganisha nyaraka kwa viungo, na ukurasa wa kwanza ukapatikana kwa anwani ya info.cern.ch. Tovuti si intaneti yenyewe. Ni huduma mojawapo inayopita humo, kama ilivyo barua pepe. Programu ya kufungulia tovuti ndiyo kivinjari, na Mosaic, kilichotoka mwaka 1993, ndicho kilichowavutia watu wa kawaida kwa kuweka picha na maandishi pamoja. Mikwaju miwili inayofuata "http:" ni ya Berners-Lee pia. Mwaka 2009 alikiri kwamba haikuwa ya lazima.

Faida ya kuijua historia hii

Matapeli wanaifahamu vizuri kanuni ya nukta, na wanategemea kwamba wewe huifahamu. Hutuma kiungo kinachoanza na jina la benki au taasisi unayoiamini, hata .co.tz au .go.ke ikiwemo, kisha wakaongeza nukta na jina lingine usilolijua. Macho husoma mwanzo na kuridhika. Lakini mwenye anwani hatambuliwi kwa maneno ya mwanzo. Tafuta mkwaju mmoja wa kwanza baada ya jina, au mwisho wa anwani kama haupo, kisha soma kuelekea kushoto: nchi au aina ya kikoa, halafu jina la mwenyewe. Kwenye barua pepe, fanya vivyo hivyo kwa sehemu inayofuata alama ya @. Alama ya kufuli kwenye kivinjari nayo isikudanganye: inaonyesha kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani, wala haisemi chochote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti.

Shule zetu zinazofundisha kompyuta zianze hapa, kabla ya kukaririsha watoto sehemu za kibodi. Na wewe uliyefika hapa, mwonyeshe mzazi wako au jirani yako namna ya kusoma anwani kutoka kulia kabla hajabonyeza kiungo. Ni somo la dakika tano, na linaweza kuokoa akiba ya maisha.