Ardhi Ipo, Daftari Je?

Likuyani, kaskazini mwa Kakamega, ni nchi ya skimu. Kabla ya uhuru ardhi hii ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Kuanzia 1962, Mpango wa Ekari Milioni Moja ukatumia mikopo, mingi kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, kununua mashamba makubwa na kuyakata vipande. Kote nchini familia kama 35,000 zikapata ploti.

Ardhi yenyewe haikuongezeka hata inchi. Ilikuwa hapo tangu zamani. Kilichobadilika ni daftari: saveya alipima, akapiga vigingi, kila kipande kikapewa nambari na mwenyewe. Kabla ya hapo ungeiona kwa macho tu, huwezi kulima.

Ukielewa hilo, umeshaelewa nusu ya kazi ngumu iliyomo ndani ya Linux: kuongeza memori mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi. Laptop yako unaizima, unachomeka kadi, unawasha. Lakini seva inayobeba pesa za watu haizimwi ovyo. Wazo hili si geni. Roger Schell aliliandikia tasnifu pale MIT mwaka 1971. Linux ilichelewa. Kwa miaka mingi kerneli, yaani kiini cha mfumo, ilihesabu memori mara moja tu wakati wa kuwaka, basi. Toleo la 2.6.15 la Januari 2006 ndilo lililoleta uwezo wa kuongeza, baada ya wahandisi wa kampuni kama IBM na Fujitsu kuuandalia msingi kwa muda mrefu.

Kazi ina hatua mbili. Kwanza kerneli inaipokea memori mpya na kuiandikia daftari. Pili inaifungua itumike. Katikati ya hatua hizo memori ipo, lakini hakuna programu inayoweza kuigusa.

Na daftari lina gharama. Kwenye kompyuta nyingi memori hugawanywa kurasa za kilobaiti 4, na kila ukurasa una kumbukumbu yake ya baiti 64. Piga hesabu: gigabaiti 64 zinataka gigabaiti 1 nzima ya daftari. Sasa, mtu anaongeza memori kwa sababu imemwishia. Hilo daftari ataliweka wapi? Jibu lilichukua miaka. Toleo la 5.13, mwaka 2021, liliruhusu daftari likae ndani ya memori mpya yenyewe, kama saveya anayejenga ofisi yake kwenye shamba analolipima.

Ndiyo maana anayekagua kodi ya aina hii huisoma polepole. Je, kuna mwingine anayesoma ukurasa huu sasa hivi, wakati sisi tunaubadilisha? Kazi ikikwama katikati, nani atasafisha? Kosa dogo hapa haliangushi programu moja tu, linaangusha mashine nzima na kila aliyeitegemea.

Kuondoa ndiko kugumu zaidi. Uwezo huo uliingia katika toleo la 2.6.24, lililotoka tarehe 24 Januari 2008. Mkenya hawezi kuisoma tarehe hiyo hivi hivi. Wiki hizo, Uasin Gishu, jirani kabisa wa Likuyani, watu walikuwa wanafukuzwa kwenye mashamba yao, wengine wakiwa na hati mkononi. Nchini kote zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama.

Kodi ya wiki hizo hizo ilikuwa na kanuni tofauti. Kabla ya kutoa kipande cha memori, kerneli inazuia kisipokee kitu kipya, kisha inahamisha kila kilichomo hadi mahali pengine salama na kurekebisha anwani ili mwenye data asipotee. Ikikuta ukurasa mmoja tu usiohamishika, inakataa. Kipande kinabaki.

Sisemi watu ni kurasa. Nasema kuna watu waliokaa chini, wakauliza mapema nini kitampata aliyemo ndani, na wakakubali kazi isimame jibu likikosekana. Walifanya hivyo kwa ajili ya data. Skimu zetu zilipimwa kwa uangalifu wakati wa kugawa. Swali la kuondolewa halikupata mkaguzi.