Wanajiokemia na Gesi ya Ziwa Kivu

Kirotshe iko Masisi, kando ya barabara itokayo Sake kuelekea Minova, na mbele yake ni Ziwa Kivu. Wenyeji hulijua ziwa hilo kwa sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanasayansi hulijua kwa jambo jingine. Katika maji yake ya chini zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, zikipimwa katika kanieneo ya kawaida. Mbelgiji Hubert Damas alipima matabaka ya maji hayo mwaka 1935, na kuanzia 1963 methani kidogo ilivutwa huko Rubona kuendesha mitambo ya kiwanda cha bia cha Gisenyi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1962, wataalamu wa jiokemia ogania, taaluma inayochunguza kaboni ya viumbe hai katika miamba, matope na maji, walikutana Milan katika mkutano wao wa kwanza wa kimataifa. Shughuli yao kubwa ilikuwa mafuta ya petroli. Hata hivyo, swali walilokuwa wakiliuliza kuhusu mafuta, yaani kaboni hii imetoka wapi, ndilo lililokuja kuulizwa Kivu.

Egon Degens na wenzake kutoka Woods Hole, Marekani, walifika ziwani mwaka 1971 na 1972. Hoja ilikuwa hivi: je, methani imetoka volkanoni, au imetengenezwa na bakteria kutokana na viumbe vilivyooza? Kipimo kilikuwa kaboni-14, ambayo kiumbe hai huwa nayo na ambayo gesi ya volkano haina. Mwaka 1973 W. G. Deuser na wenzake walionyesha kuwa methani ya Kivu ina kaboni-14 kidogo mno. Kwa hiyo kaboni yake kwa sehemu kubwa ni ya volkano; lakini walioigeuza kuwa methani ni bakteria. Kila upande ulikuwa umeshika nusu ya jibu. Mwaka 1988 Schoell, Tietze na Schoberth walikadiria kuwa theluthi mbili hutokana na kaboni dayoksaidi, na theluthi moja na mabaki ya viumbe.

Wakati huo suala lilikuwa limekwisha kuwa la uhai na kifo. Nchini Kamerun, gesi ya Ziwa Monoun iliua watu 37 mwaka 1984, na ya Ziwa Nyos zaidi ya 1,700 mwaka 1986. Katika mkutano wa Yaoundé wa Machi 1987 waliohudhuria walibishana vikali: baadhi walisema ni mlipuko wa volkano, wengine kwamba ni gesi iliyojilimbikiza majini na kupanda ghafla. Maelezo haya ya pili ndiyo yaliyokubalika baadaye, na yalimgusa kila aliyeishi kando ya Kivu.

Mwaka 2005 ilitangazwa kuwa methani ya Kivu ilikuwa imeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika miaka 30. Januari 2010 watafiti walikutana Gisenyi kujadili hatari za ziwa hilo, na Machi 2018 makundi kadhaa yalipima kwa pamoja, kila moja kwa vyombo vyake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha ongezeko lililodaiwa. Huenda kazi hii ya kulinganisha vyombo, isiyo na fahari yoyote, ndiyo iliyowafaa wakazi kuliko nadharia nyingi.

Neno moja la wenyeji limeingia katika maandishi hayo yote: mazuku, yaani kaboni dayoksaidi inayotuama katika mabonde kati ya Goma na Sake na kuua watu na mifugo. Wataalamu hulifasiri kuwa upepo mbaya, ingawa sikio la Mswahili litasikia humo pia mzuka.

Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye sehemu ya Goma iliamriwa kuhama, kwa hofu ya mlipuko mwingine nchi kavu au chini ya ziwa. Maelfu walikimbilia Sake, upande ule ule wa mazuku na wa Ghuba ya Kabuno, ambako gesi iko karibu zaidi na uso wa maji.