Gari Moshi Lisilo na Moshi

Najua nimeadimika, lakini testi zilitubana wote hapa Mlimani, na bumu nalo likakata mapema kuliko kawaida. Leo nimepata upenyo. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi na ni refu kidogo, kwa hiyo kama una chai iweke karibu.

Lilianza kama utani. Tulikuwa wanne, tunarudi Dar kutoka Morogoro kwa SGR. Mshkaji wangu mmoja, mtoto wa Kinondoni, akapigiwa simu na bibi yake: "Mjukuu wangu, hilo gari moshi lishafika?" Tukacheka mpaka abiria wengine wakageuka. Treni inakwenda kwa umeme, kasi inafika kilomita 160 kwa saa, moshi hakuna hata wa kufukuzia mbu, bado bibi anaiita gari moshi. Na wala si bibi peke yake, hata vitabu tulivyosoma shule ya msingi viliita hivyohivyo. Moshi umeondoka, jina limebaki.

Nikawauliza: hivi kati yetu nani amewahi kuona kichwa cha treni cha mvuke kikitembea kwa macho yake? Kimya. Nikatoa simu nikawaonyesha Mount Gelai.

Kwa wasiomjua, Mount Gelai ni kichwa cha treni namba 5918 cha lililokuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kilitengenezwa Manchester, Uingereza, na kampuni ya Beyer, Peacock. Vya aina yake, daraja la 59, vilikuwa 34, vyote vya miaka ya 1955 na 1956. Kimoja kina uzito unaozidi tani 250. Ukikitazama unadhani ni vichwa viwili vimegombania boila moja: boila iko katikati, na mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu zenye silinda zake, tangi la maji limekaa juu ya seti ya mbele, mafuta na maji mengine juu ya seti ya nyuma. Mtindo huo unaitwa Garratt. Uliwafaa watu wa reli zetu kwa sababu ya upana wa mita moja na kona nyingi. Kichwa kinapinda katika kona, na uzito unagawanywa kwenye magurudumu mengi ili reli zisiumie. Kwa reli ya mita moja, hakuna mashine za mvuke zilizozizidi hizi kwa nguvu duniani kote.

Vichwa vya daraja la 59 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai ni mlima wetu sisi, uko kule karibu na Ziwa Natron. Mwenzake, namba 5930, ni Mount Shengena, na Shengena ni kilele cha juu kabisa cha milima ya Upare. Kuna kundi jingine la vichwa vilivyopewa majina ya makabila, na namba 3020 anaitwa Nyaturu, yaani Wanyaturu wa Singida, ingawa yeye alizaliwa Glasgow. Sasa swali la mtihani: hawa Watanzania watatu wako wapi? Wako Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971 jirani na stesheni ya pale. Na wawili kati yao, Gelai na Nyaturu, walifufuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitengenezwa, wakawashwa moto, wakatoka barabarani kwa mvuke wao wenyewe na kuvuta mabehewa ya watu. Kuna Wazungu walipanda ndege kutoka Ulaya kuja kusikiliza tu mlio.

Kwa nini Nairobi? Makao makuu ya shirika yalikuwa Nairobi na karakana kubwa ilikuwa huko. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikaanza shirika lake, sisi tukapata TRC, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Tusiwalaumu Wakenya hapa. Gelai alikuwa na jina la kwetu, ila kazi yake ilikuwa njia ya Mombasa. Na wao walitunza. Mali ya ndugu ikigawanywa, atakayeitunza ndiye atakayeulizwa habari zake.

Basi bwana, hapo ubishi ukaanza. Jamaa mmoja wa sayansi ya siasa akanijia juu. Akasema nashabikia mashine ya mkoloni, eti Walter Rodney aliyefundisha hapahapa Mlimani angenionea huruma. Hoja anayo. Kitabu chake cha mwaka 1972 kinasema wazi kwamba reli za Afrika zilichorwa kutoka mali ilipo mpaka bandarini, wala hazikujengwa ili Mwafrika akamsalimie mwenzake. Angalia Reli ya Kati: Wajerumani walianza Dar mwaka 1905, Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mstari mmoja kutoka ziwani hadi baharini. Sikumbishia.

Lakini nilimuuliza swali moja. Huyo mkoloni alikuwa anachochea moto mwenyewe? Mwaka 1960 wafanyakazi Waafrika wa reli Tanganyika, chini ya chama chao cha TRAU na katibu wake Kasanga Tumbo, waligoma zaidi ya miezi miwili. Kama mashine zingekuwa za mkoloni peke yake, mgomo ule usingemuuma mtu. Uliuma kwa sababu waliojua kuziendesha walikuwa wao. Historia ya chuma kile ni ya aliyekinunua na ya aliyekitia moto pia. Tatizo ni kwamba wa kwanza aliandika, wa pili hakuandikwa.

Tulishuka bado tunabishana. Jumamosi iliyofuata nikaenda Temeke kwa shangazi, si kwa utafiti wowote, nilifuata pilau. Nikamsimulia ubishi wetu. Akaniambia, "Si umuulize babu wa nyumba ya tatu, yule alikuwa fayamani." Miaka yote nakwenda pale, namsalimia shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, napita. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanya kazi gani.

Jamani. Nilikaa barazani kwa yule mzee kuanzia saa tisa mpaka adhana ya magharibi. Alianza kazi miaka ya mwisho ya 1960, njia ya Dar hadi Dodoma. Mimi nilidhani fayamani ni mtu wa koleo na makaa. Akanicheka. Enzi zake walichoma mafuta mazito, na yale mafuta hayashiki moto kama ya taa. Ni mvuke wenyewe unaoyapuliza yatawanyike ndani ya tanuru ndipo yawake. Nikamuuliza, sasa kama kichwa kimepoa, mvuke wa kupulizia unautoa wapi? Akanitazama kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Ndiyo maana unaanza na kuni," akasema. Unawasha kuni usiku, saa nyingi, polepole, mpaka mvuke wa kwanza upatikane. Ukiharakisha, chuma kinatanuka kwa pupa na mabomba yanaanza kuvuja kwenye viungo.

Akaniambia habari ya mchanga. Mafuta mazito yanaacha masizi ndani ya mabomba ya boila, na masizi yakijaa moto hauivishi maji. Basi fayamani anakuwa na ndoo ya mchanga. Treni ikiwa inavuta kwa nguvu anatupia mchanga kidogo tanuruni, ule mvumo wa moto unauvuta kupita ndani ya mabomba, unakwangua masizi yote na kuyatoa juu kwenye dohani. Ndiyo ule moshi mweusi wa ghafla tunaouona kwenye picha za zamani. Mimi siku zote nilidhani ni treni imechoka! Kumbe ni mtu anasafisha.

Halafu kioo cha maji. Hapo sauti yake ilibadilika. Kuna bomba dogo la kioo mbele ya macho ya fayamani linaloonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Maji yakishuka chini ya paa la tanuru, lile bati linabaki moto mtupu bila maji juu yake, linalainika, na boila inalipuka. "Mjukuu wangu, unaweza kusahau mshahara, usisahau kioo." Na maji ya njiani yalikuwa na chumvi, kwa hiyo boila ilibidi ioshwe kila mara, la sivyo inajenga ugaga kama birika la nyumbani.

Nikamuonyesha Nyaturu kwenye simu. Aliishika simu karibu na uso, akaangalia video mpaka mwisho, kisha akasema dereva anafungua mvuke vibaya. Hakusema kingine.

Usiku ule niliporudi hosteli ndipo nilipoelewa nilichokuwa sijakielewa kwenye treni. Kufufua kichwa cha mvuke si kupaka rangi. Chuma kinaweza kukaa miaka 30 kinangoja. Asiyengoja ni mtu anayejua kuni ziwekwe ngapi.

Mfano tunao hapahapa nyumbani. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli kuelekea Kigoma. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen na injini zake zilikuwa za mvuke. Julai 1916, Wajerumani wakiwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini grisi nzito. Yaani mtu anaizamisha meli huku anamfikiria atakayeiibua. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikaendelea na mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli.

Mfano mwingine ni Eritrea. Reli ya kutoka Massawa kupanda hadi Asmara, kilomita 118, ilijengwa na Waitaliano na kufika Asmara mwaka 1911. Vita vikaimaliza. Reli na mataruma ya chuma yaling'olewa kujengea mahandaki. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1993, wengi waliona bora kuanza upya na wataalamu wa nje. Wao wakaamua kuijenga upya kwa mikono yao. Waliitwa wazee wa reli waliostaafu, wengine wamepita miaka 70, wakarudi karakana, wakafundisha vijana, wakafufua vichwa vya mvuke vya Kiitaliano vya mwaka 1938. Kufikia mwaka 2003 njia ilikuwa imefika tena Asmara, na mvuke ukapanda mlima. Siri yao ilikuwa moja tu: waliwaita wazee wakiwa bado hai.

Sasa sikieni mwisho wake. Yule babu aliniambia yeye alikuwa fayamani tu, na mwenye kujua zaidi ni dereva wake, mzee anayeishi Kinondoni, hawajaonana muda mrefu kwa sababu miguu imekataa. Akanipa jina na akanielekeza mtaa. Nikapanga kwenda baada ya testi. Testi, si unajua, kwanza ya Jumatatu, kisha ya Alhamisi. Jumamosi hii iliyopita nikaenda na yule jamaa wa sayansi ya siasa, daftari mkononi, na yeye kabeba maswali yake ya Rodney. Tulipofika tukakuta wanashusha turubai na kupakia viti kwenye kirikuu. Siku ya tatu ilikuwa imeisha asubuhi ile. Tulitoa pole, tukanywa kahawa ya msiba, tukaondoka. Jamaa hakubisha njia nzima.

Kumwambia babu wa Temeke ilibidi niende mimi. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama daftari nimelileta. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi andika, nianze upya." Tumefika ukurasa wa 14.

Sina hakika kama tutaona siku moja kichwa cha mvuke kikitoka stesheni ya Dar kuelekea Pugu, pembeni ya nyaya za umeme. Ningependa sana, na ningelipa nauli ya bumu zima. Lakini hata kisipokuja, wenzangu wa historia, hawa wazee wapo Temeke, Keko, Ilala, Magomeni, wanacheza bao, na sisi tunapita tukiwaamkia tu. Kama una babu au jirani aliyefanya kazi reli, usingoje testi ziishe. Nenda na daftari, mpelekee na sukari, mwanzie na swali la ndoo ya mchanga.

Tutaonana, nakimbilia lekcha ya saa nane.