Mashudu yajayo ndani ya yai

Asubuhi pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Rwanda, trei za mayai kutoka Rubavu, upande wa Rwanda, huvuka mapema, nyingi zikiwa vichwani mwa akina mama, na jua halijawa kali zimekwisha kufika mtaa wa Birere. Mifuko ya chakula cha kuku hufuata, ikapangwa juu ya chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, na kusukumwa kuelekea mitaani. Mtu akitumwa kuhesabu mashudu yanayoingia Kongo, anaweza kusimama hapo kutwa nzima asione gunia hata moja lenye jina hilo. Na kumbe yamempita tangu alfajiri.

Mashudu, ambayo wafugaji wa Goma wamezoea kuyaita kwa Kifaransa, tourteaux, ni kile kinachobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta: soya, alizeti, pamba, karanga, au kokwa za ngazi, yaani matunda ya mchikichi. Forodhani kila aina ina namba yake. Soya ni 2304, karanga ni 2305, na pamba, alizeti na kokwa za ngazi zimo katika 2306. Lakini mashudu yakishachanganywa na mahindi na madini, namba inakuwa 2309, chakula cha mifugo. Yakishaliwa na kuku akataga, ni 0407, mayai. Kuku akichinjwa na kugandishwa, ni 0207. Ndiyo maana anayesoma safu ya mashudu peke yake katika vitabu vya Kongo ataona nchi isiyoagiza kitu cha maana.

Zamani Kongo ilikuwa upande wa wauzaji. Mwaka 1911 William Lever aliwekeana mkataba na serikali ya Ubelgiji, ikazaliwa kampuni ya Huileries du Congo Belge, yenye kituo kikubwa Leverville, ukanda wa mto Kwilu. Mwaka 1917 kilimo cha pamba kikawa cha lazima, na mwaka 1920 ikaundwa Cotonco kuinunua kwa wakulima ambao hawakuwa na hiari ya kuilima wala ya kupanga bei. Mafuta, kokwa na mashudu viliteremka hadi Matadi, vikapakiwa melini kwenda Ulaya. Mtu aliyekwea mchikichi kwa shuruti kule Kwilu alikuwa akimlisha ng'ombe wa Ubelgiji, na yeye mwenyewe maziwa hayajui. Habari hii haimo katika hesabu yoyote ya tani, nami naona tusiiache nyuma tunapoisifu Kongo ya wakati ule kwa wingi wa mazao yake.

Huku kwetu Kivu hapakuwa na haja kubwa ya mashudu. Ng'ombe wa Masisi walishiba majani ya milimani, na jibini ya Goma imetokana na majani hayo hadi leo.

Mwaka 1973 ndio uliogeuza njia. Dagaa wa Peru, waliosagwa kulisha mifugo ya dunia, walikuwa wameadimika, bei ya soya ikapaa, na mwezi wa Juni Rais Nixon akazuia Marekani isiuze soya nje. Zuio halikudumu, lakini Ulaya na Japani zilitishika, zikaanza kutafuta muuzaji mwingine. Brazili ikajitokeza, na baadaye Japani ikaisaidia kwa fedha kufungua nyika zake ziwe mashamba ya soya. Na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, iliyokuwa na michikichi iliyokwisha kukomaa? Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yanapewa raia. Mengi yalikwenda kwa watu wenye ukaribu na utawala, wasiojua shamba. Soko lilikuwa linabisha hodi, na nyumbani hakuna wa kufungua.

Hata hivyo, michikichi peke yake isingetosha. Mashudu ya kokwa za ngazi yana protini ipatayo sehemu 16 hadi 18 katika mia, na nyuzi nyingi. Ng'ombe huyavumilia, kuku wa mayai hapana. Ya pamba yana gosipoli, sumu kwa kuku na nguruwe. Ya karanga yaliua batamzinga zaidi ya 100,000 Uingereza mwaka 1960, ndipo wataalamu wakaigundua aflatoksini, sumu ya ukungu. Soya, yenye protini sehemu 44 na kuendelea, ndiyo iliyoshinda kila mahali mji ulipoanza kupenda mayai.

Na Goma ikawa mji wa namna hiyo. Vita vya Masisi vya 1993, wakimbizi wa 1994, na vita vilivyofuata vilimaliza mifugo mashambani na kuwasukuma watu mjini. Kinshasa nako, uporaji wa 1991 na 1993 uliziangusha biashara nyingi, na kuku wa kugandishwa kutoka ng'ambo wakatawala soko.

Hebu tupige hesabu. Kuku wa mayai hula gramu 115 hivi kwa siku. Moja ya tano ikiwa mashudu ya soya, na kuku akikosa kutaga siku mojamoja, basi kila yai limebeba karibu gramu 28. Trei ya mayai 30 ni zaidi ya robo tatu ya kilo. Mama anayevuka na trei kumi amevusha zaidi ya kilo nane za mashudu, na hakuna aliyeyaandika.

Njia nyingine, ile ya Uganda, ilipita Bunagana na Rutshuru. Bunagana ilitekwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022, na haukupita mwezi, tarehe 11 Julai, Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Karatasi zilifungua mpaka, bunduki zikaufunga, na mfugaji mwenye kuku mia mbili akalazimika kutegemea zaidi barrière za Rubavu.

Kinachoniuma ni kwamba soya inalimwa hapahapa, Masisi na Rutshuru. Mama huikaanga na kuisaga pamoja na mahindi na mtama, ikawa uji wa watoto, na mtoto lazima atangulie kuku. Lakini kiasi kinachobaki hakina kinu cha kukikamua. Umeme si sababu tena kama zamani: mtambo wa Matebe kwenye mto Rutshuru, uliozinduliwa mwaka 2015, una megawati 13 na ushee. Kinachokosekana ni barabara ambayo gunia la Masisi litapita bila kulipishwa kila baada ya kilima. Kwa sasa mfugaji wa Goma huchanganya alichopata: pumba za mahindi, dagaa kutoka Uganda, sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliooza kidogo kutoka soko la Kituku, na kikombe kimoja cha tourteaux akipimia kwa mkono, taratibu, kama anayepima chumvi.