Upasuaji wa Pili wa Vali ya Moyo Huamuliwa Kabla ya wa Kwanza

Mgonjwa anayebadilishiwa vali ya moyo akiwa kijana hapati tiba ya mara moja. Vali bandia zinazopatikana leo ni za aina mbili, na kila aina ina gharama yake. Vali ya kimakanika, ambayo wagonjwa wengi huiita ya chuma, inaweza kudumu miongo mingi, lakini damu huganda kwa urahisi juu yake; mwenye nayo atameza warfarini maisha yake yote na kupima INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara, maana dawa ikipungua anaweza kupata kiharusi, na ikizidi anaweza kuvuja damu. Vali ya tishu, iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au ya nguruwe, haimfungi mgonjwa na warfarini maisha yote, ila huchakaa, tena huchakaa upesi kadiri mgonjwa alivyo mdogo kwa umri. Mzee wa miaka 75 anaweza kufariki kwa maradhi mengine vali yake ya tishu ikiwa bado inafanya kazi. Binti wa miaka 20, akijaliwa umri, atarudi chumba cha upasuaji.

Ninachotetea hapa ni kwamba mazungumzo kuhusu upasuaji wa pili yanapaswa kufanyika kabla ya kifua kufunguliwa mara ya kwanza, na kwamba mgonjwa ni mshirika wa lazima katika mazungumzo hayo kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi unaohitajika anao yeye. Daktari anajua vali. Mgonjwa anajua maisha ambayo vali hiyo itaishi ndani yake.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wagonjwa wetu wa vali ni vijana. Kwa wengi ugonjwa ulianza utotoni, kwa maumivu ya koo yaliyosababishwa na bakteria na kupuuzwa kama tonsesi za kawaida. Ikafuata homa ya rumatiki, na miaka baadaye vali zikawa zimekakamaa au zinavujisha. Utafiti wa REMEDY uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na takriban theluthi mbili walikuwa wanawake. Matokeo yaliyopaswa kumkosesha usingizi kila daktari wa moyo ni haya: miongoni mwa wagonjwa waliohitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, waliokuwa na INR ndani ya kiwango kinachotakiwa walikuwa chini ya theluthi moja.

Sasa tazama mwongozo wa vyama vya moyo vya Marekani wa mwaka 2020. Unasema kwamba kwa mgonjwa wa vali ya aota aliye chini ya miaka 50 asiye na kizuizi cha warfarini, vali ya kimakanika inafaa kupewa kipaumbele, na kwa aliyevuka miaka 65 ile ya tishu. Kwa vali ya mitrali, vali ya kimakanika hupewa nafasi hadi umri wa miaka 65. Mwongozo huohuo unataka uamuzi ufanywe kwa pamoja, ukizingatia matakwa ya mgonjwa. Shida yetu ni kwamba mistari ya umri husafiri upesi kuliko masharti yake. Namba 50 inafika kliniki zetu, lakini sharti lililo nyuma yake, yaani maabara ya INR iliyo karibu na mtu wa kusahihisha dozi kwa wakati, halifiki nayo. Mwanamke wa miaka 24 anayeishi kijijini nje ya Sumbawanga si mgonjwa mmoja na mwenye umri huohuo anayeishi Ilala, Dar es Salaam, hata kama picha zao za eko, yaani za moyo kwa mawimbi ya sauti, zinafanana kwa kila kitu. Dawa mpya zisizohitaji INR nazo hazijamwokoa. Jaribio la dabigatrani kwa wagonjwa wenye vali za kimakanika, lililochapishwa mwaka 2013, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata kuganda kwa damu na kuvuja damu zaidi kuliko waliobaki na warfarini.

Kwa mwanamke huyo kuna jingine linalopita yote: watoto. Warfarini katika miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumlemaza mtoto tumboni, na hatari huongezeka dozi inapozidi miligramu 5 kwa siku. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, haifiki kwa mtoto, ila vali ya mama huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuziba kwa damu iliyoganda. Vali ya tishu inamruhusu kubeba mimba bila warfarini, kwa makubaliano kwamba kifua kitafunguliwa tena, labda watoto wakiwa bado shule ya msingi. Hakuna hesabu ya kitabibu inayoweza kusema kipi ni bora. Wapo watakaosema, nipeni miaka kumi ya kuzaa na kulea, halafu nitarudi. Wapo watakaosema, mimi sitaki kisu mara mbili, watoto nitalea wa dada yangu. Wote wawili wana akili timamu, na daktari anayewachagulia vali moja kwa sababu umri wao ni mmoja amemkosea mmoja wao.

Mazungumzo ya mwanzo yana mambo mengine ambayo huachwa kwa kuonekana madogo. Mgonjwa Mwislamu wa Tanga au Unguja ana haki ya kuambiwa kwamba vali fulani imetokana na nguruwe na kwamba ipo ya ng'ombe. Aambiwe mapema, apate muda wa kumuuliza shehe wake, badala ya kugundua miaka mitatu baadaye kutoka kwa jirani. Kuna pia suala la ukubwa wa vali. Tangu Alain Cribier alipoingiza vali ya aota kupitia mshipa wa damu huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, imewezekana kwa baadhi ya wagonjwa kuweka vali mpya ndani ya ile ya tishu iliyochakaa, bila kupasua kifua tena. Lakini vali mpya hukaa ndani ya duara la ile ya zamani. Ikiwa ya kwanza ilikuwa ndogo, ya pili itabanwa zaidi, na huenda njia hiyo ikawa imefungwa kabisa. Daktari wa upasuaji anayekubali kutumia muda zaidi kupanua mzizi wa aota ili vali kubwa iingie anafanya kazi ya miaka kumi na mitano ijayo. Mgonjwa anapaswa kujua hilo, na ajue pia kwamba vali za kuingizwa kwa njia ya mshipa ni ghali mno na hazimfai kila mtu, asije akaahidiwa leo kitu ambacho kesho hakitapatikana.

Historia ina kisa kimoja kinachoonyesha uzito wa uamuzi wa kurudia upasuaji kuliko kingine chochote ninachokijua. Kati ya mwaka 1979 na 1986 iliuzwa vali ya kimakanika ya Björk-Shiley ya muundo wa mbonyeo na mbinuko. Takriban 86,000 ziliwekwa kwa wagonjwa duniani. Ndani yake kulikuwa na kisahani kilichoshikiliwa na vijiguu viwili vya chuma, kimoja kikiwa kimechomelewa. Katika baadhi ya vali kijiguu hicho kilikatika, kisahani kikachomoka na kuchukuliwa na damu, na vali ikabaki wazi. Aliyepatwa na hilo upande wa mitrali mara nyingi alikuwa na saa chache tu za kuishi asipofikishwa kwenye upasuaji. Vali ikaondolewa sokoni mwaka 1986, lakini makumi ya maelfu ya watu walibaki nayo kifuani, wakiwa wazima, wakienda kazini. Je, wafunguliwe kifua ili kutoa vali inayofanya kazi vizuri, kwa kuhofia kwamba huenda siku moja itavunjika?

Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,300 na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Hatari haikuwa sawa kwa wote: ilikuwa kubwa zaidi kwa vali kubwa, kwa zile ambazo kisahani chake kilifunguka hadi nyuzi 70, kwa zilizo upande wa mitrali na kwa vijana. Hapo ndipo mizani ikawezekana. Upande mmoja uwezekano wa kufa kwa upasuaji wa pili, ambao ni wa siku moja na unajulikana. Upande mwingine uwezekano wa vali kuvunjika, ambao ni mdogo kila mwaka lakini hujikusanya kwa miaka yote iliyobaki. Kwa kijana mwenye vali kubwa ya mitrali mizani iliweza kuelemea upande wa kisu. Kwa mzee mwenye vali ndogo ya aota ilielemea kuiacha.

Somo ninalolichukua kwenye kisa hiki ni tofauti kidogo na lile la vitabu vya takwimu. Hesabu ilikuwa ya lazima. Bila hiyo, mgonjwa na daktari wangekuwa wanaogopeshana tu. Lakini hesabu iliwaweka katika kapu moja watu wasiofanana. Kuna anayeweza kuishi na hatari ndogo ya kila siku na kuisahau. Kuna ambaye kila akilala usiku na kusikia mlio wa vali yake, maana vali za kimakanika husikika, anawaza kama mlio unaofuata utakuja. Kwa huyo wa pili hofu yenyewe ni ugonjwa, na kuiondoa ni faida halisi ya upasuaji, ingawa haimo kwenye jedwali lolote. Inajulikana kwa kuulizwa.

Upasuaji wa pili wenyewe ni kazi nyingine kabisa. Mara ya kwanza moyo umelala huru ndani ya mfuko wake. Mara ya pili makovu yameunganisha kila kitu, na chemba ya kulia ya moyo inaweza kuwa imegandamana na mfupa wa kidari. Kwenye kipimo cha CT daktari hutafuta mstari mwembamba mweusi kati ya mfupa na moyo. Ukiwepo, anapumua. Usipokuwepo, anaweza kuamua kuiunganisha mishipa ya paja na mashine ya moyo na mapafu kabla msumeno haujagusa mfupa. Picha hiyo inastahili kuonyeshwa kwa mgonjwa. Anaielewa bila shahada yoyote, na akishaielewa anajua kwa nini daktari anamsihi asisubiri hadi ashindwe kupumua. Upasuaji wa kurudia uliopangwa, moyo ukiwa bado na nguvu, ni salama kwa mbali kuliko ule wa dharura wa usiku. Wakati wa kurudia ni sehemu ya uamuzi kama ilivyo aina ya vali.

Husemwa kwamba wagonjwa wetu hawataki kushirikishwa. Wanasema, “Daktari, wewe ndiye unayejua.” Nadhani kauli hiyo inasomwa vibaya. Ni kauli ya imani, na mtu aliyeaminiwa anawajibika kuuliza zaidi. Mgonjwa wa mara ya pili, hasa, si mgeni. Anajua kuamka na bomba kooni. Anajua kikohozi cha wiki ya kwanza, mto umekumbatiwa kifuani. Anajua kama aliweza kweli kufuata kliniki ya warfarini au alikuwa akiacha dawa mwezi wa kilimo. Daktari akimuuliza, “Mama, mara ile ya kwanza ni kitu gani kilikushinda?” na kunyamaza asikilize, atapata taarifa ambazo hazimo kwenye faili. Jibu likiwa ni nauli, basi vali ya kimakanika iliyopendekezwa na mwongozo inahitaji kufikiriwa upya.

Tena mgonjwa hayuko peke yake. Baba mkubwa analipa, kaka anasindikiza, mume anatia saini. Maandishi mengi ya maadili ya tiba yamejengwa juu ya mtu mmoja mbele ya daktari mmoja, na kwetu hilo halitoshi. Familia ichukuliwe kama ilivyo, iketi chumbani, isikie hatari na gharama, maana ndiyo itakayouguza. Ila kuwe na dakika chache ambazo mgonjwa anabaki na daktari au muuguzi peke yake, hasa akiwa mwanamke, hasa jambo likiwa ni uzazi. Pia familia iambiwe ukweli wa pesa tangu mwanzo. Ndugu waliouza ng'ombe na kuchangishana kwa ajili ya upasuaji wa kwanza huamini kwamba wamemaliza. Wakiitwa tena baada ya miaka tisa, michango huja kwa uchovu, na mgonjwa huona haya kuomba, hukaa kimya huku miguu ikivimba. Ukoo ulioambiwa mapema ungeweza kuweka akiba au kuhakikisha kijana haachi bima.

Kushirikisha hakumaanishi kumtupia mgonjwa mzigo. Daktari anayesoma orodha ya hatari kisha akasema “chaguo ni lako” amemwacha mtu njia panda. Mgonjwa anastahili pendekezo: ningekushauri hivi, kwa sababu hizi, na haya ndiyo yangenifanya nibadili mawazo. Uholanzi walijaribu kuwapa wagonjwa wa vali nyenzo ya kuwasaidia kuamua, jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Waliopewa walikuwa na ujuzi zaidi na wasiwasi mdogo zaidi, lakini kusitasita mbele ya uamuzi hakukupungua. Sioni kwamba nyenzo ilishindwa. Uamuzi huu ni mgumu kwa asili yake, na anayeuelewa vizuri ana sababu ya kusita. Ndipo anapohitaji mtu wa kukaa naye, jambo ambalo karatasi haiwezi.

Basi wapo watakaosikia yote na kukataa upasuaji wa pili. Uamuzi huo ni halali kama ule wa kukubali, na usimfungie mgonjwa mlango wa kliniki. Aendelee kupewa dawa za kutoa maji mwilini na za kutuliza mapigo, sindano ya penisilini kama bado anaihitaji, huduma ya meno ili bakteria wasipate njia ya kufika kwenye vali, na tiba shufaa pumzi itakapokuwa shida. Faili lake liandikwe sababu zake kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na aina na ukubwa wa vali aliyonayo. Na kila eko inaporudiwa, aambiwe wazi kama nafasi ya kubadili mawazo bado ipo, au kama moyo umeshadhoofika kiasi kwamba daktari naye asingependekeza tena kisu.